Nilikwenda Mwamkulu Kulima, Nikapewa Kiti

Tangu nirudi Bungoma hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari za mpunga. Wote mna swali moja: mtu anakwendaje shambani akarudi na mashavu kama haya? Nakunja, mama mkwe wa dada yangu, alinizunguka mara mbili kanisani kana kwamba anakagua ng'ombe wa mahari. Basi kaeni chini niwaeleze, maana kila paja na kila shavu mnaloliona hapa nimelipata kwa hasira.

Mambo ya pasipoti na barua za chuo nayaruka, hayajawahi kumchekesha mtu. Mjue tu kwamba nasomea kilimo, kwamba nilitakiwa kuishi na familia ya wakulima wa mpunga nchini Tanzania, mkoa wa Katavi, na kwamba lengo lilikuwa moja: nifanye kazi yao mpaka niijue. Nilinunua hadi buti za mpira. Zikumbukeni buti hizo kwa huruma, kwa sababu kwa muda mrefu hazikuona tope.

Bungoma hadi Tabora

Mnanijua. Nilipata alama ya juu kabisa ya Kiswahili shuleni, na wakati wenzangu walipokuwa wakiogopa kwenda ugenini mimi nilikuwa nikitamba kwamba lugha si tatizo. Nilitamba Kisumu, nikatamba tulipovuka mpaka Sirari, nikatamba hadi Mwanza, ingawa huko sikuzungumza na mtu kwa sababu nililala. Nilipofika Tabora nilikuwa na njaa ya safari nzima. Nikaingia kwenye kibanda cha mama ntilie karibu na stesheni, nikaketi, nikasema vizuri kabisa:

"Nipe chai na chapati mbili."

Yule mama alinitazama, akageuza chapati yake, akaendelea. Nikadhani hakusikia. Nikapandisha sauti. Akaja mwanamume mmoja nyuma yangu, akanong'ona kitu, akapewa chai. Akaja wa pili, akapewa.

"Mama, nipe chai! Mimi ndiye niliyetangulia."

"Umeninunua?" akauliza.

Vijiko vikasimama vikombeni. Nikauliza nimemkosea nini, na mzee mmoja aliyekuwa akila supu akaniuliza nimetoka wapi.

"Kenya."

"Aaaa!" wakaitikia wote pamoja, kwa sauti ya watu walioambiwa jina la ugonjwa. "Mkenya! Msameheni, mama, msameheni."

"Dada," yule mzee akanieleza kwa upole, "huku tunasema *naomba*. Naomba chai."

"Naombaje kitu ninacholipia?"

"Hata kama unalipia."

Nikaomba chai. Nikaiomba kwa meno yaliyobana, lakini nikaiomba, na yule mama akanijazia kikombe hadi ukingoni, akanipa na chapati ya tatu kwa kunionea huruma. Alama yangu ya juu ya Kiswahili niliiacha palepale chini ya benchi.

Treni

Treni ya Mpanda iliondoka ikaenda vizuri, halafu katikati ya msitu ikasimama. Mvua za siku hizo zilikuwa kubwa, na tukaambiwa kuna maji yamefunika reli mbele, tunasubiri yapungue. Nilimwuliza mhudumu yatapungua lini. Akasema, "Nakuja," akaondoka. Kumbe nakuja ni namna ya kwenda. Sikumwona tena hadi Mpanda.

Niliyekaa naye aliitwa Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge Mpanda mjini, mwanamke mnene mwenye hina mikononi na kikapu kisichoisha. Kila treni ilipokataa kuondoka alitoa kitu: karanga za kuchemsha, vitumbua, mayai, muhogo. Mimi nilikuwa nikihesabu makosa ya dunia. Yeye alikuwa akimenya karanga.

"Unakwenda kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa Mama Fabiola, Mwamkulu. Ni wakulima."

"Simjui, lakini watu wa huko nawajua. Wengi asili yao Burundi, siku hizi ni raia wenzetu. Wachapa kazi hasa." Akanitazama vidole. "Na wewe unakwenda kufanya nini?"

"Kulima."

"Kulima? Kwao? Mgeni?" Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Haya."

"Mbona unacheka?"

"Nimekohoa tu. Umejua kuamkia lakini? Ukimkuta mtu mzima unamwambiaje?"

"Namwambia habari yako."

Akashika kichwa. Nusu nzima ya siku ile, huku treni imeganda na ndege wa msituni wakituzomea, Bi Zuhura alinifundisha shikamoo kama mtu anayemfunza mtoto kufunga viatu. Yeyote aliyekuzidi umri: shikamoo. Akikujibu marahaba, ndipo uulize habari. Nilirudia hadi abiria wa viti vya jirani wakachoka kuitikia marahaba.

Mwamkulu

Mpanda nilipokelewa na Fabiola mwenyewe, binti wa umri wangu, kasuka nywele za rangi ya zambarau na ana simu inayoimba Bongo Flava mfululizo. Tulipakizana kwenye bodaboda hadi Mwamkulu, nje kidogo ya mji. Nilipoyaona majaruba, yaani vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo, maji yakimetameta na miche ikiwa bado kwenye kitalu, moyo wangu ulidunda. Nimefika kwa wakati, nikajiambia. Kupandikiza bado.

Nilianza na kosa. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kilemba, nikamtupia shikamoo kubwa, na magoti nikakunja. Akaguna. Alikuwa jirani, mdogo kwangu kwa umri, na kwa siku kadhaa akawa akipita uani akisema kwa sauti, "Mimi bibi kizee napita jamani." Alipotokea Mama Fabiola mwenyewe, mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye uso wa mtu anayefikiria kazi nyingine, nilikuwa nimechanganyikiwa hata nikamwambia, "Sasa?" kama ninavyowasalimu wenzangu wa chuo.

Akanikumbatia. "Karibu, mwanangu. Karibu sana. Fabiola, leta kiti."

Kiti kikaja. Cha plastiki, chekundu, chenye mikono. Kikawekwa chini ya ukingo wa bati, mahali penye upepo. Mimi na kiti hicho hatukuachana tena.

Asubuhi niliamka mapema nikachukua ufagio wa uani. Mama Fabiola akautoa mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Pumzika, umechoka na safari." Kesho yake nikabeba ndoo, Fabiola akaipokea nikiwa sijafika bombani. Siku iliyofuata nikavaa buti zangu za mpira na kusimama mlangoni tayari kwa shamba. Baba Fabiola, mzee mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yangeingia kwenye kiganja, alizitazama akasema, "Buti nzuri." Kisha wakaondoka wote, wakaniacha na chupa ya chai.

Maji ya kuoga nilichemshiwa na kupelekewa bafuni. Chakula nililetewa kabla ya wote. "Leo mboga ni kuku," Mama akatangaza siku moja, na mimi, ambaye kwetu mboga ni majani, nikasubiri kwa heshima mboga zije zifuate kuku, nikaacha ugali wa muhogo upoe, hadi Mama akanyanyuka kwa wasiwasi akidhani kuku ana kasoro. Ndani ya sahani ile mlikuwa na firigisi. Sasa nyie mnajua kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Nilimtazama Baba Fabiola. Baba Fabiola akatazama pembeni. Nikaihamishia sahanini mwake. Akairudisha kwangu. Nikairudisha. Mama akauliza kwa sauti ndogo kama kuku wao ni mchafu. Nikaila firigisi ile huku nikimwomba msamaha babu yangu kaburini.

Nilimlalamikia Fabiola. "Nimekuja kufanya kazi. Waambie wazazi wako."

"Dada, we kula bata tu."

"Hapana! Tafadhali, wasichinje na bata! Kuku wanatosha!"

Alicheka akaanguka kitandani, na ilimchukua muda kunieleza kwamba kula bata ni kustarehe. Jioni akawasimulia wazazi, wakacheka hadi Baba Fabiola akajifuta machozi. Mimi pia nilicheka, kwa nje. Kwa ndani nilikuwa naungua. Chuo kikanipigia simu kuuliza nimejifunza nini. Nikasema najifunza mazingira. Mazingira! Kiti kimoja, kuku watano waliobaki, na mgomba.

Wiki zikapita. Nilijaribu kuzungumza na Mama kwa upole, kwa kuzunguka, kwa methali. Nilimwambia, "Mama, Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Uso wake ulibadilika kidogo, nikadhani nimemgusa. Akasema, "Wanasema mengi," akaenda kuniletea uji.

Siku niliyopasuka

Miche ilikuwa imekomaa kitaluni na maji yametulia majarubani, kazi ya kupandikiza ianze, ndipo simu ikaja kutoka Sibwesa, kijijini kwa mama yake Mama Fabiola. Bibi anaumwa. Ana homa, hali kitu, anafukuza kila anayemkaribia.

Mama aliketi kwenye kizingiti akiwa ameshika simu mapajani. Baba Fabiola akamwambia aende mara moja. Yeye na Fabiola wangeanza kupandikiza.

"Na mgeni?" Mama akauliza. "Nyie mkiwa shamba nani atampikia? Nani atampashia maji?"

Wakaanza kushauriana. Mbele yangu! Kama mzigo wa mtu uliosahaulika stesheni! Labda Mama asubiri siku mbili. Labda amtume mtu mwingine Sibwesa. Nikaona wazi kabisa kwamba mwanamke huyu angemwacha mama yake mzazi akiwa na homa ili mimi nichemshiwe maji ya kuoga.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Nendeni!" nikapaza sauti. "Mama, nenda kwa mama yako! Mimi si mgonjwa, mimi si mtoto! Nimechoka kukaa! Nipe jembe! Nipe ndoo! Nipe kitu chochote!"

Fabiola akazima muziki wa simu yake. Nilisikia neno lile *nipe* likirudi masikioni mwangu mara tatu, na nikajua limetua vibaya kuliko lilivyotua Tabora. Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko mdogo na kitenge.

"Vaa buti zako," akasema. "Tunakwenda wote."

Ndiyo. Asingeweza kumwacha mgeni, basi akambeba.

Sibwesa

Tulipata lori lililokuwa likipeleka chumvi na kreti za soda upande ule. Tulikaa juu ya magunia, mimi na Mama, bila kusemezana. Mara aliponipa kitenge chake nijifunike vumbi nilisema asante, akasema haya. Baadaye vumbi likawa tope, na lori likazama. Dereva akasema wanaume washuke wasukume. Nikashuka nami. Mama akanishika mkono.

"Wamesema wanaume."

"Nina buti," nikamjibu, nikajinasua. Nikasukuma. Gurudumu likazunguka likanipaka tope kuanzia kidevuni hadi magotini, na lori likatoka. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika mkoa wa Katavi, na niliifurahia kupita kiasi. Nilipopanda tena Mama alinitazama, akageuza uso. Nilidhani amekasirika. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Sibwesa kila niliyemwuliza kumebaki umbali gani, Mama akiwamo, alisema, "Hapo mbele tu." Hapo mbele tu ni mahali ambapo mtu anaweza kuzaliwa, akakua, asifike. Tulikwenda kwa miguu hadi buti zangu mpya zikanichubua visigino, tukaikuta nyumba ya tofali iliyoezekwa bati, na ndani, juu ya kitanda cha kamba, Bibi. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la nne. Midomo imekauka. Jirani aliyekuwa akimwangalia alikuwa amesimama mbali, akiwa na sahani ya uji iliyokataliwa.

Mama alipiga magoti akazungumza naye Kirundi. Bibi akafumbua macho, akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, nimesimama mlangoni nikichuruzika tope.

"Huyu nani?" akauliza kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Mgeni wangu, mama. Anatoka Kenya."

"Mgeni hana mikono?"

"Mama..."

"Nauliza, hana mikono? Amesimama nini? We! Njoo uniinue, mgongo umekufa. Halafu ulete maji, siyo ya huyu jirani, ameyachota kisimani kwa watu wachafu. Halafu huo uji ni baridi."

Nyie, nilikimbia. Nilimwinua, nikaenda kuchota maji, nikakoroga uji upya, nikafokewa kwamba umejaa madonge, nikakoroga tena. Mama alinyoosha mkono kuchukua mwiko, Bibi akamkaripia kwa Kirundi, Mama akaurudisha mkono. Bibi akanywa vijiko vitatu. Kisha akanipa bakuli.

"Na wewe kura."

Nikamtazama Mama. Kura? Mgonjwa wa homa anataka kuzungumzia uchaguzi?

"Kura, mwana! Kura!"

"Anasema ule," Mama akasema. Na safari hii hakuweza kugeuza uso. Alicheka, na akicheka machozi yalikuwa yakimtoka, maana mama yake alikuwa moto kama jiko.

Mtoni

Uji Bibi aliutapika wote. Ilipofika mchana hakuweza tena kutukana, na hilo ndilo lililomtisha Mama kuliko homa. Tukaita bodaboda kumpeleka zahanati. Kijana mwenye pikipiki akaketi mbele, Bibi katikati, mimi nyuma nikimkumbatia ili asianguke, na Mama akafuata na pikipiki nyingine. Tulifika penye kijito, na kijito kilikuwa kimekuwa mto. Pikipiki haziwezi. Daraja la miti lilikuwa limezama.

Mama alisimama ukingoni akiwa ameshika mikono kichwani. Yeye ana goti bovu, nilikuwa nimeliona tangu Mwamkulu jinsi anavyoliburuta. Vijana wa pikipiki wakasema tusubiri, maji yatashuka. Nilikuwa nimeshasubiri maji kushuka kwenye treni. Nilijua maana yake.

"Mama," nikasema. "Naomba nimbebe."

Nilitamka naomba. Nimeliweka hapa makusudi, mlijue.

Mama akavua kitenge chake, akamfunga mama yake mgongoni kwangu kama anavyofungwa mtoto. Kijana mmoja wa bodaboda akatangulia na fimbo akipima kina, Mama akafuata akinishika kiuno. Maji yalipanda hadi kiunoni, yakajaa ndani ya buti zangu, kila mguu ukawa gunia. Katikati ya mto niliteleza. Niliogopa, siwafichi. Nilifikiria mama yangu Bungoma na jinsi atakavyoambiwa. Mikono ya Bibi ikanibana shingo na sauti ikanijia sikioni, dhaifu lakini chungu vilevile:

"Unatembea kama bata."

Nikalia na kucheka pamoja, nikasogeza mguu, halafu mwingine, tukatoka.

Zahanati walimkuta ana malaria kali na maji yamemwishia mwilini. Wakamwekea dripu. Mwuguzi alisema kama tungalisubiri hadi kesho, angetuambia maneno ambayo asingependa kuyasema. Tulikaa nje kwenye benchi mimi na Mama, nguo zikitukaukia, tukila mihogo ya kuchoma na mgebuka mkavu ambao mke wa mlinzi alituletea, samaki mtamu wa huko ziwani upande wa Karema. Na hapo ndipo Mama aliponieleza, bila mimi kuuliza, huku akichambua miiba.

"Mimi nilipokuwa mdogo nilipelekwa mjini nikae na watu nisome. Nilipofika, kabla sijavua kandambili, nikapewa ndoo. Kesho yake jembe. Waliniita mgeni mpaka nilipoondoka, lakini sikuwahi kuketi. Shule nikaenda siku za kuhesabu." Akatema mwiba. "Na nje pia tuliitwa wageni. Mimi nimezaliwa hapa. Nikasema moyoni, nikipata nyumba yangu, mtu akija kama mgeni atakuwa mgeni kweli. Atakaa. Atakula. Hakuna atakayemtuma."

Nilikuwa nimekuja na methali ya jembe, nikamtupia usoni.

"Lakini mama, mimi nilikuja kujifunza."

"Ungesema."

"Nilisema!"

"Ulisema nipe jembe. Mtu akisema hivyo amekasirika. Mgeni akikasirika anaongezewa chai."

Kumbe ndiyo maana chai zilikuwa zikiongezeka.

Majarubani

Bibi alipona. Nilijua amepona aliponiambia nywele zangu zimesukwa na adui. Tulimwacha na mjukuu wake mwingine, tukarudi Mwamkulu, na kesho yake alfajiri Mama alinigongea mlango kwa kisigino cha mkono.

"Amka. Watu wako shamba."

Rafiki zangu, nilitamani kiti. Kupandikiza mpunga ni kuinama tangu jua linapotoka, maji ya matope hadi chini ya magoti, mkono wa kushoto umeshika fungu la miche, wa kulia unachomeka, unarudi nyuma hatua, unachomeka. Ruba walinipenda. Miche yangu iliinuka ikaelea ikaondoka zake. Fabiola alikuwa akinifuata nyuma akiing'oa na kuipanda upya, akiimba. Siku ya pili nilimwambia Mama mgongo umekatika. Akasema, "Utaunga." Siku ya tatu nilichelewa kuamka, nikakuta chai imekwisha na hakuna aliyeniwekea. Nilikasirika! Nilikaa jikoni nikakasirika peke yangu, halafu nikajipikia.

Na ufagio ukawa wangu, na ndoo, na kuosha masufuria, na kumfukuza mbuzi wa jirani. Nilitumwa sokoni, nikafokewa kwa kununua nyanya laini. Baba Fabiola akaanza kula firigisi yake kwa amani. Hamtaamini, lakini mashavu hayakupungua, kwa sababu nilianza kula kama wanavyokula watu wanaopandikiza.

Kurudi

Siku ya kuondoka nilivaa vizuri nikaketi nikisubiri kuagwa. Katika kukaa kwangu kote nilimwona Mama Fabiola akimsindikiza kila mtu: wa kanisani, jirani, hata muuza sabuni aliyepita mara moja alisindikizwa hadi njia panda, na kopo la mchele mkononi. Nilijiandalia hotuba. Nilikuwa na leso.

Mama akatoka akiwa amejifunga kitenge cha shamba na kubeba fungu la miche.

"Unaondoka saa hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ukifika piga simu. Jaruba la chini halijaisha, na mvua inakuja." Akanishika bega, akalibana kidogo, akaenda. Fabiola akapunga mkono kutoka mbali, tope hadi viwikoni. Baba Fabiola alikuwa ameshainama zamani.

Hivyo tu! Nilipanda bodaboda na begi langu peke yangu. Nililia hadi Mpanda, kwa uchungu na kwa ghadhabu, nikimwambia kijana wa bodaboda mambo ambayo hakuniuliza. Muuza sabuni anasindikizwa! Mimi niliyebeba bibi yao mtoni naambiwa haya!

Nilipokwisha kuketi kwenye treni, simu ikalia. Mama. Nikajifuta uso, nikaandaa sauti ya kuagana.

"Wewe!" akaanza. "Nguo umeacha kwenye kamba! Mvua imezinyeshea zote. Gauni la njano, sketi, kila kitu. Ulidhani nani atakuanulia? Kila siku nakwambia, anua nguo kabla hujatoka. Husikii! Kichwa kigumu kama bibi yako!"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na haraka. Labda unitumie kwa basi..."

"Nitume nini? Mimi situmi nguo za mtu. Utakuja kuzichukua mwenyewe."

Akakata simu. Treni ikapiga honi, tukaondoka.